SOMO LA KIKUNDI: NYUMBA YA NDUGU IMEUNGUA, TUMSAIDIEJE HADI ASIMAME?



Somo la leo ni la vikundi vya kujisaidia na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Mtu mmoja asome kwa sauti, pole pole, halafu kikundi kijadiliane. Mkiona saa mbili hazitoshi, gawanyeni somo mara mbili. Mtahitaji Biblia moja, daftari na kalamu.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo tuweze:
1. Kujua mambo ya kufanya siku za kwanza baada ya nyumba ya ndugu kuungua, na yale yanayoweza kungoja.
2. Kuendesha kikao cha familia bila kumnyamazisha aliyepatwa na hasara.
3. Kutunza michango kwa njia isiyoleta ugomvi.
4. Kuamua jambo moja ambalo kikundi chetu kitatenda.

KISA

Kisa hiki kilitokea katika sehemu moja ya Ukambani. Majina hatutaji, kwa maana wenyewe wapo na bado wanaishi boma moja.

Dada mmoja mwenye watoto watatu alikuwa amerudi kwao baada ya ndoa kuvunjika. Kaka zake wawili na dada yake walikubali ajenge pembeni mwa shamba la marehemu baba yao. Alijenga vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, akaezeka mabati. Riziki yake ilikuwa cherehani moja ya miguu na kipande cha shamba kama ekari moja.

Jioni moja ya mwezi wa Septemba alienda kuchota maji. Mtoto wa pili akawasha koroboi apate kusoma. Koroboi ikaangukia godoro. Mama aliporudi na mtungi mgongoni alikuta majirani wanarusha mchanga, na paa limeshaanguka ndani. Mtoto aliungua mkono, lakini tumshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Vitu vyote viliisha: nguo, vyombo, vyeti, cherehani, na debe mbili za mbegu za mahindi, kunde na ndengu zilizokuwa chini ya kitanda zikingoja mvua.

Watu walikuja wengi. Kanisa lilileta nguo na sufuria. Mimi mwenyewe nilifika siku ya tatu na blanketi nne kutoka ofisini kwetu. Nilimpa pole, nikaandika jina lake kwenye fomu, nikaondoka. Sikumwuliza neno lolote zaidi ya idadi ya watoto.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na harambee. Kaka mkubwa alisimama akatangaza kwamba familia haiwezi kuaibika, ati dada yake atajengewa nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, na itajengwa karibu na nyumba yake yeye kaka. Watu wakapiga makofi. Ahadi zikaandikwa kwenye karatasi. Kaka wa pili, dereva kule Mombasa, akatuma pesa kwa simu ya kaka mkubwa. Dada aliyeunguliwa alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele na leso ya kuazima. Hakuna aliyempa nafasi ya kusema.

Mvua za vuli zilianza. Familia ilikuwa ikichimba msingi. Shamba la dada likabaki nyasi, kwa sababu hakuwa na mbegu wala jembe, na hakuna aliyeuliza. Mwezi wa Februari majirani walivuna. Yeye alikuwa bado analala jikoni kwa wifi yake na watoto watatu, nyumba ya mawe imefika kwenye madirisha na kusimama hapo. Pesa zilikuwa zimekwisha. Mke wa kaka mkubwa alisema zilitumika kwa simiti. Mke wa dereva alisema zililipa karo ya watoto wa wengine. Ndugu waliacha kusalimiana hata kanisani.

Nilirudi huko mwezi wa Machi kwa sababu katekista aliniita. Safari hii niliketi naye chini ya mwembe, nikamwuliza: "Dada, siku ile baada ya moto, ulikuwa unahitaji nini?" Alifikiri, kisha akajibu: "Mbegu na cherehani. Nyumba ningejenga polepole mwenyewe. Na nilitaka pale pale pangu, kwa sababu nikihama pale, sitapaona tena."

Hapo ndipo nilielewa. Moto ulichoma nyumba yake kwa saa moja. Sisi tuliokuja kumsaidia tulimchomea msimu mzima.

MASWALI YA KUJADILIANA

Gawanyikeni watu watano watano. Wanawake na vijana wasiachwe nyuma.

1. Katika kisa hiki, ni nani aliyekuwa na nia mbaya? Kama hakuna, kwa nini mambo yaliharibika?
2. Kwa nini dada hakusema alichohitaji? Kwetu, ni nani hupewa nafasi ya kusema kwenye harambee?
3. Unafikiri aliogopa nini aliposema "sitapaona tena"?
4. Je, hapa kwetu kumewahi kutokea jambo kama hili? Lilimalizikaje?

MAFUNDISHO

1. Siku tatu za kwanza

Kwanza ni uhai. Aliyeungua mwagilieni maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, hata kama ni ya kumimina kwa kikombe. Msipake dawa ya meno, yai, mafuta wala majivu. Vua pete na bangili kabla hajavimba. Funika kwa kitambaa safi kisichoganda, mpelekeni hospitali.

Pili ni dawa. Hili husahaulika. Kama mtu wa nyumba hiyo anatumia dawa kila siku, iwe za presha, sukari, kifafa, TB au virusi vya UKIMWI, dawa hizo zimeungua pia. Arudi kliniki siku hiyo hiyo au kesho yake aelezee. Mwulizeni faraghani, si mbele ya umati.

Tatu ni mahali pa kulala. Familia isitawanywe, watoto huku na mama kule, kama inawezekana kuepuka. Mtoto aliyeona moto huogopa usiku, anaweza kukojoa kitandani au kukataa kukaa karibu na jiko. Huo si utundu. Akae karibu na mzazi wake. Na yule aliyeangusha taa asiitwe "aliyechoma nyumba". Jina kama hilo mtoto hulibeba hadi uzee.

Nne ni kuripoti. Mjulisheni naibu wa chifu, na mwende kituo cha polisi mpewe nambari ya OB. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya simu ya bure, 1199. Parokia nayo inaweza kuwaunganisha na ofisi ya Caritas ya jimbo.

Halafu kuna maneno. Siku hizo za kwanza utasikia: "Ni mtu alichoma," "Ni laana," "Ni wivu wa wifi." Kama kuna dalili za kweli, hiyo ni kazi ya polisi. Kama hakuna, kikundi kikatae kubeba maneno hayo. Nyumba inaweza kujengwa tena kwa miezi, lakini jirani aliyeitwa mchawi hawezi kurudishiwa jina lake.

2. Karatasi zilizoungua

Watu wengi hulia wakisema, "Hati ya shamba imeungua, sasa shamba limeenda." Sivyo. Hati ni karatasi. Rekodi yenyewe iko kwenye ofisi ya usajili wa ardhi. Chini ya sheria ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012, mwenye shamba huomba hati nyingine kwa kuapa kwamba ya kwanza imepotea au kuharibika. Msajili hutoa tangazo, na baada ya siku 60, kama hakuna pingamizi, anaweza kutoa hati mpya. Jihadharini na madalali wanaosema watafanya kwa wiki moja.

Kwa kitambulisho, nendeni ofisi ya usajili wa watu. Vyeti vya kuzaliwa huombwa upya katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo au Huduma Centre. Mwalimu mkuu aelezwe mapema, ili watoto wasifukuzwe kwa kukosa sare na vitabu.

Laini ya simu irudishwe haraka kwa jina lile lile, maana pesa zake na za chama huenda zimo humo. Noti zilizoungua sehemu msizitupe. Zipelekeni benki zikaangaliwe. Si lazima zilipwe, ila zinaweza kufikiriwa.

Kazi hii ya karatasi haina makofi. Hakuna mtu husimama kwenye harambee akasema, "Mimi nitampeleka ofisi ya ardhi na kumlipia nauli." Lakini mtu wa namna hiyo anahitajika sana. Kikundi kimchague mmoja anayejua kusoma vizuri na mwenye subira ya foleni.

3. Uliza kwanza, halafu utoe

Kabla ya harambee kuwe na kikao kidogo: aliyepatwa na hasara, ndugu zake, na mtu mmoja wa nje anayeheshimiwa, kama katekista au mwenyekiti wa kikundi. Huyo wa nje ndiye aongoze, si ndugu mwenye pesa nyingi. Aliyeunguliwa aseme kwanza, wengine wanyamaze. Aulizwe maswali manne:

- Ni nini ukikipata wiki hii kitakuwezesha kulisha watoto wako?
- Ni kitu gani hakiwezi kungoja?
- Wewe mwenyewe unaweza kufanya nini?
- Unataka kujenga wapi, na nyumba ya namna gani?

Swali la tatu ni la maana sana. Mtu aliyepoteza kila kitu akichukuliwa kama mtoto, anapoteza na heshima. Labda hana pesa, lakini anaweza kuchota maji ya kujengea, kupika chakula cha mafundi, kuponda kokoto. Aachiwe sehemu yake.

Angalieni kalenda pia. Kwetu Ukambani mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, ndizo tegemeo letu kubwa. Moto ukitokea Agosti au Septemba, kazi ya kwanza ya kikundi ni shamba. Mwethya wa siku mbili wa kulima na kupanda unaweza kumpa chakula cha miezi. Nyumba inaweza kungoja hadi Januari kukiwa na kibanda kisichovuja. Mvua haingoji mtu. Wenzetu Wakikuyu wana ngwatio, Wajaluo wana saga. Wazee hawa hawakusubiri pesa ndipo wasaidiane.

Mbegu zilizopona moto msizipande bila kuzijaribu. Chukueni punje 20, zifungeni kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku saba. Zikiota 17 au zaidi, ni nzuri. Zikiota chini ya 10, si za kupanda. Na chakula kilichofukizwa na moshi wa plastiki au godoro kisiliwe, hata na kuku.

4. Swali la kiwanja

Dada wa kisa chetu aliogopa kwamba akihamishwa, atakuwa mgeni kwenye shamba la baba yake. Hofu hii si ya kijinga. Wajane, dada waliorudi nyumbani, na vijana yatima mara nyingi hupoteza ardhi wakati wa msiba kama huu, wala si kwa kufukuzwa. Huambiwa tu, "Kaa hapa kwa muda kwanza." Muda unakuwa miaka.

Sheria ya urithi, ambayo ilianza kutumika mwaka 1981, inapogawa mali ya mzazi aliyekufa bila wosia haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Katiba ya mwaka 2010 nayo, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia au hali ya ndoa. Mila zetu nzuri tuzishike, lakini msaada usiwe mlango wa kumhamisha mtu. Kama ndugu wanaona ni bora ahame, wazungumze siku nyingine, wakati hayumo ndani ya leso ya kuazima.

5. Pesa na daftari

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini hata cha moyo kiandikwe.

- Ahadi iandikwe ukurasa wake, na kilicholetwa mkononi ukurasa wake. Msipange ujenzi kwa ahadi. Pangeni kwa kile kilichopo.
- Pesa za simu zitumwe kwa laini iliyokubaliwa na kikao. Kila Jumamosi orodha isomwe mbele ya watu, na ujumbe wa kila pesa uonekane.
- Watu watatu wawe na daftari: mweka hazina, mtu mmoja wa familia, na mwenyewe aliyeunguliwa. Pesa hazitoki bila wawili kutia sahihi, na mmoja awe yeye mwenyewe.
- Vitu viandikwe kama pesa: misumari, mchanga, siku ya kazi ya fundi. Ndugu asiye na kitu mfukoni akifanya kazi siku tatu, jina lake lisomwe pamoja na la aliyetuma elfu kumi.
- Risiti zihifadhiwe kwenye bahasha moja.

Ndugu mwenye uwezo pia asikamuliwe. Ana watoto, ana karo. Aseme wazi, "Ninaweza hiki, kile siwezi," na akubaliwe. Ugomvi mwingi unatoka kwa mtu aliyeahidi kwa aibu akashindwa kutimiza.

6. Kujenga

Jengeni kinachoweza kumalizika. Afadhali vyumba viwili vyenye paa kuliko vitatu vilivyofika madirishani.

Kabla ya kununua, kagueni kilichobaki. Matofali ya kuchoma mara nyingi hufaa tena. Gongeni mawili, yakilia vizuri bila kuvunjika ni mazima. Ukuta ulioinama au wenye ufa mpana ubomolewe. Mawe na simiti yaliyopata moto mkali hupoteza nguvu, kwa hiyo fundi ayaangalie kabla ya kupandisha chochote juu yake. Misumari ya majivuni isitumike kwenye paa, kwa kuwa imelegea na hupinda. Mabati yaliyoungua yatashika kutu upesi. Yatumieni kwa banda la kuku au choo.

Mfano wa hesabu: nyumba ya mita 6 kwa 4, paa la pande mbili, mabati ya mita 3. Mkiongeza nusu mita ya kuning'inia kila upande, paa lina urefu wa mita 7. Bati moja likipandana na mwenzake hufunika kama sentimita 70. Basi ni mabati 10 kila upande, jumla 20, pamoja na kofia za juu. Ulizeni bei maduka mawili au matatu. Familia kumi zikileta mabati mawili mawili, paa limekwisha. Haba na haba hujaza kibaba.

7. Moto usirudi

Nyumba mpya isijengwe na hatari za zamani. Taa ndogo ya sola iwe kati ya vitu vya kwanza kununuliwa, hasa kwa watoto wanaosoma. Anayetumia koroboi aiweke kwenye sinia lenye mchanga, mbali na kitanda na pazia. Petroli isikae nyumbani, na isichanganywe na mafuta ya taa. Jiko la mkaa lisilazwe ndani: licha ya moto, hewa yake yenye sumu huua watu wakiwa usingizini. Anayevuta stima atumie fundi mwenye leseni. Mtungi wa gesi ukinuka, fungeni, fungueni madirisha, msiwashe kiberiti wala swichi. Na kila nyumba iwe na ndoo ya mchanga na mlango unaofunguka upesi kutoka ndani.

Nakala za hati, vitambulisho na vyeti ziwekwe kwa mtu mwingine mnayemwamini, nje ya nyumba yenu.

NENO LA MUNGU

Someni Ayubu 2:11-13, halafu Ayubu 42:10-11.

Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba bila kusema neno. Hapo walifanya vizuri. Walikosea walipoanza kumweleza kwa nini amepatwa na mabaya. Mwisho wa kitabu, ndugu zake wote wa kiume na wa kike wanakuja kwake, wanakula naye nyumbani mwake, wanamfariji, na kila mmoja anampa kitu cha fedha na pete. Angalieni: walikuja kwake, wakala pamoja naye, kila mmoja akatoa. Hatuambiwi kwamba mmoja alitoa yote akawa bwana wa wengine.

Jiulizeni: Sisi hukaa kimya na mtu, au hukimbilia kueleza? Ni nani kijijini ambaye tulimsaidia siku moja, hatukurudi tena?

TUAMUE, TUTENDE

Kila kikundi kichague jambo moja, kiandike nani atafanya na lini:

(a) Kuanzisha mfuko mdogo wa dharura, hata shilingi 20 kila mkutano.
(b) Kutenga debe moja la mbegu kila mavuno kwa atakayepatwa na janga.
(c) Kutembelea nyumba za wanakikundi na kuangalia hatari za moto.
(d) Kumrudia mtu aliyeunguliwa zamani na kumwuliza amefika wapi.

MWISHO WA KISA

Mwezi wa Machi ule tuliita kikao. Haikuwa rahisi. Kaka mkubwa aliudhika, akasema tunamfanya mwizi. Tuliomba risiti zote ziletwe, tukazisoma moja moja kwa sauti. Ikaonekana pesa nyingi kweli zilikuwa simiti na mawe. Elfu sita hivi ndizo zilienda karo, naye alikubali mbele ya ndugu zake, akalipa kidogo kidogo. Dereva alinunua cherehani iliyotumika. Dada yao akaleta mbegu za msimu uliofuata. Kikundi cha akina mama kilifanya mwethya siku nne kwenye kiwanja kile kile cha zamani, matofali ya zamani yakarudi ukutani, mabati 20 yakapanda.

Ile nyumba ya mawe bado imesimama bila paa, karibu na nyumba ya kaka. Mbuzi hulala humo. Kaka na dada wanasalimiana sasa, ingawa si kama zamani. Dada anashona sare za shule.

Mimi nilijifunza kwamba blanketi nne hazikuwa kosa. Kosa langu lilikuwa kuondoka bila kuuliza.

Tumalizie kwa sala ya kimya, tukimkumbuka kwa jina kila jirani aliyepatwa na moto. Mungu azibariki kazi za mikono yenu.